Kwa Miguu hadi Namugongo: Kupanga Safari ya Siku Tisa kwa Wasio na Kiongozi

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapoelekea ukingoni, barabara zitokazo Busia na Malaba hujaa watu wanaotembea kuelekea magharibi. Wengine wametoka Dabani, Masafu na Tororo. Wengine wamevuka mpaka kutoka Busia ya Kenya, Bungoma na Kakamega. Wote wanakwenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala, ili wafike kabla ya tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Ni siku ya kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mahali hapo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wenzao waliouawa kwingineko kati ya 1885 na 1887. Kanisa Katoliki linawahesabu mashahidi 22 na Kanisa la Uganda linawahesabu 23.

Wengi wa mahujaji hao husafiri katika misafara ya parokia na majimbo. Misafara hiyo huwa na viongozi, gari la kubeba mizigo, wahudumu wa afya, na mara nyingi askari wa kuisindikiza. Makala haya hayawahusu hao sana. Yanawahusu wale wanaokwenda wenyewe: vijana wanne wa kijiji kimoja, mama na dada yake, mzee aliyeweka nadhiri peke yake, au jamaa walioachwa na msafara kwa sababu kazi haikuwaruhusu kuondoka mapema. Hao hawana wa kuwapangia. Kila kitu ambacho msafara hukipata kwa pamoja, wao hawana budi kukitafuta kwa kufikiri mapema.

Tunayoyaeleza hapa yote yamejengwa juu ya jambo moja: mtembeaji anayejulikana hulindwa, na asiyejulikana hushukiwa. Maandalizi mema ni yale yanayohakikisha kwamba katika kila siku ya safari yupo mtu anayejua wewe ni nani, uko wapi, na unatarajiwa kufika wapi jioni.

Fundisho la mwaka 1885

Historia ya njia hii yenyewe inatufundisha. Julai 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, kwa miguu, akiwa na wapagazi wengi, akikusudia kuingia Buganda kutoka upande wa mashariki. Alipita Kwa Sundu, mahali panapoitwa leo Mumias, akaendelea na watu wapatao 50, akaingia Busoga. Hakujua jinsi watawala wa Buganda walivyowaogopa wageni wanaotokea mashariki. Alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa siku kadhaa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na wengi wa watu wake huko Kyando, katika wilaya ya Mayuge ya sasa.

Siku hizi hakuna anayeuawa kwa sababu ya upande alikotokea. Hata hivyo, hali ya mgeni asiyefahamika haijabadilika sana. Sisi wa mpakani tumezoea kuvuka kwenda sokoni, matangani na harusini. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na mtu wa Dabani ana shangazi Funyula. Askari wa hapa na mwenyekiti wa kijiji wanatujua kwa sura. Lakini ukishatembea siku nne kuelekea magharibi, hakuna anayemjua shangazi yako. Kundi la vijana watano wenye mabegi, waliolala kwenye uwanja wa shule bila kumwambia mtu, huko halionekani kuwa kundi la mahujaji. Na tarehe 3 Juni 2025 mlipuko ulitokea Munyonyo, Kampala, karibu na kanisa la Mashahidi, siku yenyewe ya sikukuu. Tangu hapo, kuulizwa maswali na kupekuliwa njiani ni jambo la kutarajiwa, na aliyejiandaa halimpotezei muda.

Hati na mahali pa kuvuka

Kwa raia wa Uganda, kitambulisho cha taifa kinatosha. Kibebe chenyewe, na nakala uiweke katika mfuko tofauti. Aliyepoteza kitambulisho aripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu naye kabla ya kuondoka, apewe barua ya kuthibitisha taarifa hiyo.

Kwa jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kusafiri katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Ruhusa hiyo haifuti wajibu wa kupita katika lango rasmi. Kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, kilichofunguliwa na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018, kimerahisisha jambo hilo. Anayeingia Uganda huhudumiwa upande wa Uganda tu. Humo ndani hukuta maafisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili, mmoja akimwandikia kutoka na mwingine akimwandikia kuingia. Malaba pana kituo cha namna hiyo hiyo kwa wanaotokea upande wa Tororo. Karatasi utakayopewa hapo itunze hadi siku ya kurudi.

Wapo watakaosema kwamba njia ya panya ni fupi na haina foleni. Ni kweli kwamba ni fupi. Ila foleni uliyoikwepa Busia utaikuta mbele, Mukono au Bweyogerere, askari atakapouliza uliingia nchini lini na kwa ruhusa ya nani. Aliyepita njia ya panya hana jibu la swali hilo, hata kama nia yake ni njema na rozari iko mkononi. Zaidi ya hayo, jina lake halimo katika kumbukumbu yoyote. Akipotea, ndugu zake hawataweza hata kuthibitisha kwamba aliingia Uganda.

Njia mbili za kuchagua

Kutoka Busia hadi Namugongo ni mwendo wa takriban kilomita 200. Kwa mkazi wa Dabani, sehemu ya kwanza ya mwendo huo ina njia mbili.

Njia ya kwanza ni barabara kuu: kutoka Busia kwenda Busitema, kisha Bugiri, Iganga na Jinja. Faida yake ni huduma. Vituo vya polisi viko karibu karibu, na pana hospitali Bugiri na Iganga. Nyumba za kulala wageni zipo, na makanisa mengi yamekwisha kuzoea kupokea mahujaji. Hasara yake ni magari. Malori yote ya mizigo na ya mafuta yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Rwanda na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na katika sehemu nyingi pembezoni mwa lami hapana nafasi ya kutosha kwa mtu kutembea kwa raha.

Njia ya pili ni ile ya upande wa ziwa. Inapita Dabani, Masafu na Lumino, ambako tawi moja linateremka hadi ufukweni Majanji, kisha inaendelea Namayingo na Mayuge hadi kuungana na barabara kuu pale Musita, kati ya Iganga na Jinja. Barabara hii, yenye jumla ya kilomita 104 pamoja na matawi yake ya Busia na Majanji, imetiwa lami miaka ya karibuni. Malori makubwa ni machache, upepo wa ziwa hupunguza joto, na Waanglikana hupata nafasi ya kupita Mayuge, wilaya alikouawa Askofu Hannington. Lakini vituo vya huduma viko mbali mbali zaidi, na kuna vipande virefu vya mashamba ambako mtu hupita muda mrefu bila kukuta duka. Hospitali kubwa ya mwisho unayoiacha upande huu ni Masafu.

Ushauri wetu ni huu: kundi la watu wasiopungua wanne, wenye afya njema na waliokwisha kupata mwenyeji Namayingo na Mayuge, linaweza kufuata njia ya ziwa. Mtu aliye peke yake, mzee, au mwenye maradhi ya kudumu afuate barabara kuu. Na yeyote atakayefuata njia ya ziwa asikubali kufupisha safari kwa mashua ndogo kutoka Majanji au kwingineko. Mwezi wa Mei dhoruba za ziwani huja ghafla, na mashua iliyojaa abiria wasio na maboya ya kuokolea maisha haistahimili wimbi kubwa hata moja.

Ratiba ya siku tisa

Wengi wanaoumia hawaumii kwa sababu ya umbali. Wanaumia kwa sababu waliondoka wamechelewa, wakalazimika kutembea usiku ili wafidie. Hebu tupige hesabu. Mtu wa kawaida mwenye mzigo mdogo hutembea kilomita nne kwa saa. Akianza saa 12 asubuhi, kunapopambazuka, na kupumzika saa 4, amekwisha kumaliza kilomita 16. Akipumzika wakati wa jua kali na kuanza tena saa 9 alasiri, kufikia saa 11 jioni ameongeza kilomita 8. Hizo ni kilomita 24 kwa siku, bila kugusa giza. Kilomita 200 zikigawanywa hivyo zinamalizika ndani ya siku tisa, na bado unabakiwa na akiba.

Ratiba ya barabara kuu inaweza kuwa hivi, kwa anayeondoka tarehe 24 Mei:

Siku ya 1, Busia hadi Busitema. Iwe fupi kwa makusudi, ili viatu na miguu vizoeane.

Siku ya 2, Busitema hadi Bugiri. Kabla ya Bugiri barabara yetu imekwisha kuungana na ile itokayo Malaba na Tororo, magari huongezeka.

Siku ya 3, Bugiri hadi Idudi.

Siku ya 4, Idudi hadi Iganga. Ni siku fupi. Itumie kufua, kununua mahitaji, na kumwonyesha mganga kidonda chochote.

Siku ya 5, Iganga hadi Magamaga, ukipita Musita, mahali ambapo waliofuata njia ya ziwa hujiunga nawe.

Siku ya 6, Magamaga hadi Jinja na kuvuka Mto Nile hadi Njeru. Daraja jipya la Nile lilifunguliwa Oktoba 2018. La zamani linapita juu ya bwawa la Nalubaale, lililoanza kazi mwaka 1954. Walinzi wa hapo ndio watakaokuambia upite daraja lipi na upande gani. Watii, usisimame katikati, wala usipige picha.

Siku ya 7, Njeru hadi Lugazi. Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote, yapata kilomita 30, na ndiyo inayopita katika msitu wa Mabira. Ondoka mara tu kunapopambazuka. Ungana na kundi jingine kabla ya kuingia msituni, na pumzika Najjembe, penye soko na watu wengi. Usikate njia ndani ya miti, na ukiwa umechelewa kufika ukingoni mwa msitu, lala hapo hadi kesho yake.

Siku ya 8, Lugazi hadi Mukono.

Siku ya 9, tarehe 1 Juni, Mukono hadi Namugongo.

Tarehe 2 Juni imeachwa wazi kwa makusudi. Ni siku ya akiba kwa mvua, homa au mguu uliovimba. Asiyeitumia njiani ataitumia kupumzika Namugongo kabla ya umati kuongezeka. Anayeondoka tarehe 27 hana akiba yoyote, na ndiye anayeonekana barabarani saa 5 usiku.

Namna ya kutembea barabarani

Katika Uganda na Kenya magari hupita upande wa kushoto. Kwa hiyo anayetembea kwa miguu akae upande wa kulia, ili ayaone magari yanayomjia usoni na apate nafasi ya kujitenga. Anayetembea upande wa kushoto hupitwa na magari yanayotoka nyuma yake, na hana njia ya kujua kama dereva amelala.

Tembeeni mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu. Kutembea watatu sambamba mkiongea ni kutamu, lakini wa tatu huwa juu ya lami. Wa kwanza na wa mwisho wavae vazi la kuakisi mwanga. Kama halipatikani, shati jeupe au la rangi ya machungwa linasaidia mchana. Mmoja tu ndiye aongoze nyimbo, na asiwepo anayeziba masikio kwa vifaa vya kusikilizia muziki. Panapokuwa na mvua kubwa ondokeni barabarani kabisa, kwa maana dereva haoni na breki hazishiki. Wala msilale wala kuketi kando ya lami, hata kwa dakika tano, na kamwe msipumzike chini ya lori lililoegeshwa.

Msipande lori wala pikipiki ya mtu msiyemjua kwa sababu tu amewahurumia. Aliyechoka kweli apande basi au teksi ya abiria katika kituo rasmi, na wenzake wajue namba ya gari. Hakuna aibu katika jambo hilo. Hija haina mwamuzi wa mbio.

Karatasi ya safari

Kabla ya kuondoka, andikeni karatasi moja. Iwe na majina kamili ya kila msafiri, umri, namba ya simu, maradhi ya kudumu na dawa anazotumia, na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Chini yake iandikwe ratiba: tarehe, mahali pa kulala, na jina la mwenyeji. Nakala zitolewe nne. Ya kwanza ibaki kwa familia. Ya pili ipewe mwenyekiti wa LC1 wa kijiji, au kwa wa Kenya, chifu au mzee wa mtaa wa Nyumba Kumi. Ya tatu ipelekwe kwa afisa wa uhusiano wa polisi na jamii katika kituo cha polisi mnachotokea. Ya nne ibebwe na kiongozi mliyemchagua.

Pamoja na karatasi hiyo, ombeni barua fupi ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, chifu au parokia. Kila jioni mnapofika, kabla hata ya kuvua viatu, fanyeni mambo mawili. Kwanza, mmoja wenu aende kwa mwenyekiti wa mahali hapo, au kituo cha polisi, aonyeshe barua na aseme idadi yenu na mahali mnapolala. Pili, mpigieni simu au kumwandikia ujumbe yule aliyebaki na karatasi nyumbani. Kubalianeni tangu mwanzo: ikifika saa 3 usiku bila habari, yeye apige simu, ikifika asubuhi bila habari, aende polisi na karatasi yake. Askari anayepewa majina, ratiba na mahali mlipoonekana mara ya mwisho ana pa kuanzia. Anayeambiwa tu kwamba "walikwenda Namugongo" hana.

Mwili, maji na mzigo

Wiki tatu kabla ya safari anzeni mazoezi: kilomita 5, kisha 10, kisha 15, mkivaa viatu vile vile mtakavyosafiri navyo. Kiatu kipya ndicho adui wa kwanza wa hujaji. Lengelenge likitokea, lisafishe na ulifunike siku hiyo hiyo, kwani likipasuka na kuingia vumbi huweza kumaliza safari. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au ujauzito apimwe kwanza. Kwa majirani wa Dabani, Hospitali ya Dabani ipo karibu, na ushauri wa mganga una uzito kuliko moyo wa kujitolea. Abebe dawa za siku kumi na nne, si tisa, kwa kuwa kuna kukaa na kuna kurudi.

Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa, yaliyotiwa dawa, au ya chupa iliyofungwa. Maji ya madimbwi, mito na ziwa yasinywewe hata kama ni baridi na yanaonekana safi, na waliofuata njia ya ziwa wasioge wala kufua ufukweni, kwa sababu ya kichocho. Bebeni pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini. Mahali pa kulala panataka chandarua; mwisho wa msimu wa mvua ndipo mbu wanapozidi.

Mzigo usizidi kilo sita au saba: nguo za kubadili mara mbili, sweta, koti la mvua au turubai, blanketi jepesi, tochi, kikombe, sabuni, dawa na chakula kikavu kama karanga na mihogo mikavu. Kumbukeni hospitali zilizo njiani: Bugiri, Iganga, hospitali ya rufaa ya Jinja, Kawolo pale Lugazi, na Mukono.

Kuhusu fedha, msibebe zote taslimu wala asizibebe mtu mmoja. Wa kutoka Kenya wabadilishe fedha katika maduka yenye leseni, si kwa watu wa barabarani wanaohesabu noti haraka haraka. Nauli ya kurudi iwekwe kando tangu siku ya kwanza, isiguswe.

Watoto na vijana

Mtoto asiende safari hii bila mzazi au mlezi aliyetajwa kwa maandishi. Anayesafiri na mtoto asiye wake awe na barua ya wazazi yenye namba zao za simu, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wa Kenya waulize mapema idara ya uhamiaji kuhusu hati anayohitaji mtoto asiye na kitambulisho.

Tunalisema hili kwa uzito. Umati wa mahujaji ni kificho kizuri kwa mtu anayewatafuta wasichana na wavulana wa kupeleka mjini kwa ahadi za kazi za nyumbani au za baani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu inatoa adhabu kali, lakini sheria hufanya kazi baada ya mtu kutoa taarifa. Ukimwona mtoto anayesindikizwa na mtu asiyeweza kutaja jina la mama yake, usinyamaze. Piga simu 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, inayofanya kazi Uganda na Kenya. Watoto wadogo waandikiwe jina na namba ya simu ya mzazi ndani ya nguo.

Ukisimamishwa, au jambo likitokea

Askari akikusimamisha, simama, msalimu, toa kitambulisho na barua, na ueleze unakotoka na unakokwenda. Una haki ya kumuuliza jina lake na kituo chake kwa heshima. Ikitokea umekamatwa, Katiba ya Uganda inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi ni bure. Atakayekuomba pesa kwa ajili yake anavunja sheria, na inafaa aripotiwe kwa mkuu wake. Raia wa nchi nyingine ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake.

Ikitokea ajali, mmoja apige 999 au 112, bure. Mwingine asimamishe magari kwa umbali wa kutosha, na mwingine aandike namba ya gari lililohusika. Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe hovyo na kutupwa nyuma ya pikipiki, isipokuwa kama mahali alipo ni pa hatari zaidi.

Mkifika Namugongo mtakuta mahali pawili pa ibada: pa Wakatoliki na pa Waanglikana, si mbali kutoka kimoja hadi kingine. Kabla ya kuingia katika umati, kubalianeni mahali pa kukutana, kwa kuwa siku hiyo simu nyingi hazipatikani. Mabegi yafungwe na kubebwa mbele ya kifua.

Kwa wakazi wa njiani

Mtembeaji hawezi kujulikana ikiwa hakuna anayetaka kumjua. Mwenye nyumba anayepokea mahujaji amwarifu mwenyekiti wa LC1 usiku huo huo. Ni kumlinda mgeni na kujilinda yeye. Walimu wakuu wanaofungua madarasa waandike majina katika daftari. Waendesha boda boda ndio wa kwanza kuona nani amebaki nyuma akichechemea, na simu moja kutoka kwao inaweza kuokoa maisha. Mwenye duka asipandishe bei ya maji kwa sababu mnunuzi ni mgeni.

Safari ya kurudi

Watu hupanga kwenda kwa miezi miwili na kurudi kwa dakika mbili. Jioni ya tarehe 3 Juni magari huwa machache na yenye kujaa kupita kiasi, na madereva wamechoka. Ni heri kulala na kuondoka asubuhi ya tarehe 4. Waliotoka Kenya wasisahau kupita tena katika kituo cha mpakani, waandikwe kuwa wametoka.

Ukifika nyumbani, nenda kwa wale uliowaachia karatasi: familia, mwenyekiti, na kituo cha polisi. Waambie mmerudi, na wangapi. Wao wafute majina yenu katika orodha ya wanaosubiriwa. Ofisi za uhusiano wa polisi na jamii za Busia na Tororo ziko tayari kupokea karatasi za safari na kuwashauri wanaojiandaa. Njooni mapema, kabla ya wiki ya mwisho ya Mei.